Rangi ya Kidole cha Trésor

Binti yangu alirudi kutoka uwanja wa shule akikimbia, mkono wa kushoto ameuinua juu, kidole chake cha mwisho kimepakwa rangi nyeusi inayoelekea zambarau. Siku hiyo watoto wa mtaa wetu walikuwa wakichanjwa surua. Ilikuwa rappel, kama tunavyoiita hapa Lubumbashi, yaani sindano ya kurudia, na kila aliyechomwa alitiwa rangi kidoleni ili ajulikane. Alinipita bila kunisalimu akaenda moja kwa moja kwa mama yangu, anayemwita Kaku kama watoto wote wa Kasai wanavyowaita bibi zao. Katika nyumba yetu sifa ambayo Kaku hajaiona bado haijawa sifa.

Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua majani ya sombe, yaani kisamvu. Aliushika mkono wa mtoto, akakitazama kile kidole kwa muda mrefu, kisha akaomba maji. Mtoto akaleta ndoo ndogo akidhani ni mchezo. Mama akachukua kipande cha sabuni ya kufulia akaanza kusugua. Alisugua taratibu kwanza, halafu kwa nguvu, kwa kidole gumba na kwa kucha, mpaka mtoto akaanza kulia. Harufu ya ile sabuni ikanifikia mlangoni. Sabuni ile peke yake naivumilia, na rangi ile peke yake naivumilia, lakini vikikutana sina amani.

Nilimnyang'anya mtoto. Nikamwambia mama yangu neno ambalo mtoto hamwambii mzazi wake. Nilimuuliza kama mmoja hakumtosha.

Huyo mmoja ni Trésor, mdogo wangu, na alikuwa palepale barazani akichekecha unga. Trésor haoni. Jicho la kushoto limefunikwa na utando mweupe, na la kulia linatofautisha tu mchana na usiku. Ana mashine ya kusaga mahindi, na wanawake wanatoka mbali kumletea magunia yao kwa sababu vidole vyake havidanganywi na pumba. Aliposikia maneno yangu alisimamisha chekeche. Mama alibaki ameshika sabuni, maji yanadondoka kwenye kitenge chake. Alichokisema baadaye nitakieleza, ila hakina maana mpaka nirudi kwanza Katuba, mtaa tulikokulia.

Nyumba yetu ya Katuba ilikuwa ya matofali yasiyopigwa lipu, na mlango wake wa mbao ulipakwa rangi ya kijani upande wa barabarani tu, maana kopo liliishia hapo. Baba alifanya biashara ya unga. Alikuwa akienda Sakania, mpakani, kununua bidhaa zinazotoka Zambia, na treni ya huko ilikuwa na kiburi chake: ikitaka inaondoka, isipotaka inalala njiani na abiria wake wote. Kwa hiyo baba tulimjua zaidi kwa mizigo yake kuliko kwa uso wake. Nyumbani tulikuwa mama, mimi na Trésor. Mimi nilipewa jina la bibi yangu mzaa mama, na kwa desturi yetu anayepewa jina la mtu anapewa na heshima yake. Basi mama yangu mzazi aliniita Mamu, yaani mama. Hata aliponichapa alinichapa akiniita Mamu.

Cheo hicho kilikuwa na kazi yake. Mimi ndiye niliyemwogesha Trésor kila jioni uani, kwenye beseni, kwa sabuni ileile ya kufulia, kwa sababu sabuni ya kunukia ilikuwa ya Krismasi na ya wageni. Nilikuwa na umri wa mtoto anayeanza kusoma vizuri, na yeye alikuwa bado anasema maneno nusu. Vumbi jekundu la Katuba lilikuwa likimwingia mpaka masikioni. Nilimsugua kama sufuria naye akicheka tu.

Rangi ya kidole niliijua kabla ya Trésor kuzaliwa. Watoto wote wa Katuba waliijua. Kampeni ikija tulipangwa foleni kwenye uwanja wa kanisa, tukachomwa sindano, tukalia, kisha mama mmoja mwenye kalamu nene akakipaka kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Baada ya hapo kilio kiliisha na majivuno yakaanza. Tulioga tumekiinua kidole juu ya maji kama mabibi wa Golf, mtaa wa matajiri, wanavyoshika kikombe cha chai, au ndivyo tulivyodhani, maana hakuna kati yetu aliyewahi kuingia katika majumba ya Golf kuwaona wakinywa. Aliyekaa na rangi muda mrefu kuliko wenzake alikuwa mkubwa wetu.

Kampeni ikiisha walipita watu wengine, nyumba kwa nyumba. Hawa hawakuwa na sindano. Waliomba kuona vidole vya watoto, kisha wakaandika kitu kwa chaki mlangoni wakaenda. Ilikuwa ni kuhakikisha tu kwamba nyumba haikurukwa, lakini hakuna aliyenieleza hivyo. Mwalimu wetu wa shule ya Jumapili, yeye, alikuwa ametueleza habari za wana wa Israeli kule Misri, jinsi walivyopaka damu ya mwanakondoo kwenye miimo ya milango, na malaika wa mauti alipopita usiku akaziona zile alama akaziruka nyumba zao. Nikaunganisha mwenyewe. Chaki ni ya mlangoni ili ugonjwa uruke nyumba. Rangi ni ya kidoleni ili ugonjwa ukikukuta njiani ukutambue. Sindano niliiona kuwa ni gharama tu, kitu cha kuvumilia ili upate rangi.

Trésor alipata sindano yake ya kwanza ya surua akiwa mtoto wa mgongoni, kwenye kituo cha afya, siku ya kupima uzito. Usiku ule alichemka. Asubuhi mkono ulikuwa umevimba mahali palipochomwa, na mama alikuwa hajafumba macho. Uvimbe ulipungua wenyewe na homa ikapita, lakini mama aliapa kwa jina la marehemu mama yake kwamba mtoto huyo hatachomwa tena. Kila aliyemtembelea alisimuliwa habari za ule mkono, na kila aliposimulia uvimbe uliongezeka kidogo.

Ndipo ikaja kampeni ya kurudia. Kijana mmoja alipita na megafoni akitangaza kwamba hata waliokwisha kuchanjwa walete watoto wao. Mtaa ukachafuka. Jirani yetu Mama Mado, muuza makala, yaani makaa, mwanamke mwenye mdomo mkubwa na moyo mkubwa zaidi ya mdomo, aliwakusanya wanawake bombani akawauliza swali. Nilikuwepo na kidumu changu, nalikumbuka neno kwa neno; malata ni mabati, na kuyapika kwetu ni kuyapigilia.

"Fundi akipika malata ku nyumba yako, kiisha anakuya tena kupika yaleyale, utasema nini? Utasema ya kwanza alikuibia. Sasa hii sindano, kama ya kwanza ilikuwa muzuri, juu ya nini barudie?"

Mwanamke mwingine akaongeza kwamba hao watu hawaonekani Golf wakigonga mageti ya matajiri, wanakuja huku kwetu tu, na kitu kizuri tangu lini kimeanzia Katuba. Mwingine alikuwa na mchungaji aliyesema imani ndiyo chanjo. Siku hizi nawasikia wasomi wakiwacheka wanawake kama Mama Mado. Mimi siwezi kumcheka. Swali lake lilikuwa swali zuri, na yule kijana wa megafoni alilisikia, akatabasamu, akaenda zake kutangaza barabara ya pili.

Mama alikuwa na sababu yake nyingine, ambayo hakuisema bombani wala popote. Niliona dalili zake tu bila kuzielewa. Mtu asiyemjua akimuuliza ana watoto wangapi, mama alidanganya. Alimjibu kijana wa megafoni kwamba ana mtoto mmoja, na Trésor analia ndani. Nilidhani anaona haya kwa kuwa tuko wawili tu.

Siku za kampeni alitufungia ndani. Nilichungulia kwenye tundu la mlango nikawaona wenzangu wakirudi kanisani na vidole vyao, wakipunga mikono kama watu waliopata zawadi. Nililia mpaka nikapata kwikwi. Mama alidhani nalilia mchezo. Mimi nilikuwa nalilia uhai wangu na wa Trésor. Kila mtoto wa barabara yetu alikuwa na alama isipokuwa sisi, na katika akili yangu ugonjwa ulikuwa tayari umekaa kwenye kona karibu na mti wa jakaranda unahesabu vidole.

Kisha Mama Mado akaja mbio kutuambia kwamba wakaguzi wa vidole wameingia barabara yetu na kwamba kwa mama fulani wamegombana sana. Mama alisimama kidogo katikati ya chumba. Akapanda kwenye kiti, akatoa juu ya kabati chupa ya violet, ile dawa ya zambarau ya kupaka vidonda ambayo kila nyumba ilikuwa nayo. Akafunga pamba kwenye njiti ya kiberiti, akachovya, akaniita.

Sijawahi kumpenda mama yangu kama nilivyompenda dakika ile. Kumbe dawa ilikuwa ndani siku zote! Kumbe mama anaweza mwenyewe, bila foleni na bila sindano. Alinipaka mimi, akampaka Trésor, akapuliza ili ikauke. Trésor akainua kidole chake juu kama alivyowaona wakubwa wakifanya. Mkaguzi alipoingia, mwanamke kijana aliyechoka na jua, mama alimpa kiti na maji ya kunywa. Yule mwanamke akaviangalia vidole vyetu, akatushika mashavu, akaandika mlangoni kwa chaki akaenda. Nilipumua. Tulikuwa tumeokoka.

Hakuwa amefika hata kwa jirani wa tatu, mama akachukua kitambaa kibichi akaufuta mlango. Aliufuta kwa hasira, mpaka rangi ya kijani ikatoka pamoja na chaki. Nilisimama nyuma yake nikiwa na hofu ambayo sikuweza kuitamka. Mtu mwenye akili anafutaje alama ya kumwokoa mwanawe? Nilifikiri labda mama hakuisikia ile hadithi ya Misri, kwa sababu Jumapili alikuwa akibaki nyumbani kupika. Basi kesho yake alfajiri, kabla hajaamka, nilitoa kipande cha chaki kwenye mfuko wangu wa shule nikaiandika upya ile alama kama nilivyoikumbuka, kubwa zaidi, ili malaika asipate shida.

Mama alitoka na ufagio. Niliusikia ufagio ukianguka. Alirudi ndani bila sauti, akafunga mlango kwa komeo, akavuta mfuko mkubwa wa safari wa baba akaanza kutupa nguo ndani yake, za kwetu na zake, na sufuria mbili akazifunga kwenye kitenge. Aliniambia nivae viatu nimvishe na Trésor. Nilifurahi, nikidhani tunapanda treni kumfuata baba Sakania. Wakati namfunga Trésor kamba za viatu nikamuuliza mama kama ile alama niliyoiandika itailinda nyumba na sisi hatupo.

Alinigeukia. Alinipiga kofi moja ambalo sikuwahi kupata jingine kama hilo, kisha akaketi juu ya mfuko wa nguo akalia, amejifunika uso kwa mikono, mpaka Mama Mado akagonga kuuliza kuna msiba gani. Sikuelewa kitu. Nilijua tu kwamba nimemwumiza mama na kwamba mlango wetu ulifutwa tena.

Mengine nilielezwa na mama mdogo miaka mingi baadaye, tukiwa kwenye matanga, saa ile watu wanapochoka kulia wakaanza kusimulia. Mama yangu alikulia katika mji mwingine wa huku Katanga. Ulipofika wakati ule watu wa asili ya Kasai kama sisi walipoambiwa warudi kwao, hata waliozaliwa hapa, alipita mtu nyumbani kwao akauliza wako wangapi ndani. Siku chache baadaye waliamka wakakuta chaki mlangoni. Hawakujua ni nani aliyeiandika. Walichokijua ni kwamba baada ya chaki yalikuja mawe, na baada ya mawe walikuwa stesheni, juu ya magodoro yao, wanangoja treni pamoja na umati ambao haukuwa na choo wala maji. Hapo stesheni alikufa mdogo wake mama, mtoto aliyekuwa akimbeba mgongoni, mwili mzima umejaa vipele. Ilikuwa surua. Kwa hiyo mama aliijua surua kuliko Mama Mado, kuliko yule kijana wa megafoni. Ila chaki aliiogopa zaidi.

Sisi tulibaki na vidole vyetu vya violet. Cha kwangu nilikilinda. Cha Trésor kilinishinda, kwa sababu mtoto mdogo humwambii ashike mkono juu ya maji akakusikia. Alipenda kupiga maji kwa viganja vyote viwili. Nilijaribu kumfunga kidole kwa kipande cha nailoni, akakitoa kwa meno. Nilijaribu kumwogesha bila mkono wa kushoto, mama akauona mkono una vumbi akaniambia Mamu siku hizi umekuwa mvivu, msugue mtoto vizuri. Nikamsugua vizuri. Rangi ikawa inapauka kila jioni, na jioni moja, nilipomtoa kwenye beseni, kidole kilikuwa sawa na vingine. Nilifikiri nimwambie mama achovye tena njiti, lakini shavu langu lilikuwa bado linalikumbuka lile kofi.

Trésor akaanza kukohoa. Kisha macho yakawa mekundu, yanatoa machozi, hataki mlango ufunguliwe. Kisha vipele, kuanzia nyuma ya masikio. Nilimwona mama akivitazama akiwa amekaa kitandani, na uso wake ukawa wa mtu aliyekutana na mtu anayemfahamu.

Alifanya walivyofanya watu wote. Alifunga dirisha kwa blanketi, akamwogesha kwa maji ya majani, akamnyima nyama. Mama Mado alileta maji aliyokamua mwenyewe kutoka kwenye majani, ya kudondoshea machoni, kwa sababu macho ndiyo yaliyokuwa yakimtesa. Aliyaleta kwa upendo mtupu. Aliacha makala yake barabarani bila mtu akaja kumshika mtoto kichwa wakati anadondoshewa. Trésor alipiga kelele zilizonifanya nikimbilie uani. Mimi niliona wazi kinachohitajika. Niliiba chupa ya violet juu ya kabati nikampaka kidole akiwa amelala, nikakipaka sana, mpaka shuka likachafuka. Lakini asubuhi hakuwa na nafuu yoyote, nikaelewa kwamba nimechelewa, ugonjwa ukishaingia alama haiutoi.

Kituo cha afya hakikuwa mbali. Mama alichelewa kwenda kwa sababu alijua wataulizia kidole. Mficha maradhi, kifo humuumbua, ndivyo wanavyosema, na kwa kweli kifo kilikuwa kimeshakaribia alipomfunga Trésor mgongoni akatoka, nami nyuma na thermos ya uji. Muuguzi alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani. Alimfungua mtoto, akamtazama macho kwa tochi. Akauliza kama alipata rappel. Mama akasema alipata ile ya kwanza, hapahapa, na mkono ulivimba.

Muuguzi hakugomba. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyekwisha kulisema jambo hilo mara nyingi mno:

"Ya kwanza haikamatake ku batoto bote, mama. Bengine inabapita tu. Njo maana tunarudia."

Hilo ndilo lilikuwa jibu la swali la Mama Mado. Lilikuwa fupi hivyo, na lilikuwa limekaa siku zote mwendo mdogo kutoka bombani.

Lakini mimi sikulielewa jibu hilo wakati ule. Nilichokiona ni kwamba muuguzi ameushika mkono wa kushoto wa Trésor, anakitazama kile kidole nilichokipaka usiku, na mama ameinamisha kichwa. Nilidhani mama ataadhibiwa kwa kosa langu. Nikasema.

"Ni miye. Nilimusukula na sabuni, rangi ikatoka."

Muuguzi alinitazama mimi. Akamtazama mama. Nami nikamtazama mama, nikingoja aseme kitu, aseme hapana, au hata anigombeze. Mama alikuwa akikunja kitenge cha kubebea. Alikikunja, akakikunjua, akakikunja tena, wala hakusema neno.

Trésor hakufa. Alikaa kituoni muda mrefu, akarudi nyumbani mwepesi kama kifaranga, na macho yake yakawa na utando ambao kila mtu alituambia utaondoka. Baba alirudi kutoka Sakania akiwa hajui kitu, amemletea gari dogo la plastiki. Trésor alilishika, akalizungusha magurudumu kwenye shavu lake, akauliza ni la rangi gani. Baba alitoka nje na kofia yake mkononi, hakurudi mpaka chakula kilipopoa.

Hivyo ndivyo nilivyokua, nikijua kwamba mimi ndiye niliyemfuta ndugu yangu macho kwa sabuni. Nilikataa kuogesha mtoto yeyote wa ukoo, na shangazi zangu walisema nina roho ngumu. Niliyaelewa mambo nikiwa shule ya sekondari, katika somo la biolojia, mwalimu alipoeleza chanjo inavyofanya kazi mwilini. Niliinua mkono nikauliza rangi ya kidole inasaidia nini. Darasa lilicheka. Mwalimu akasema haisaidii kitu, ni ya kuhesabia tu. Nilicheka nao, kisha nikaenda chooni nikatapika.

Siku hiyo hatia iliniondoka, na mahali pake ikaja hasira, nayo ikakaa. Sikumuuliza mama kitu. Nilimtunza, nilimnunulia vitenge, alipozeeka nilimleta kwangu yeye na Trésor. Nilimwita Mama kwa adabu zote. Lakini nilijua kwamba siku ile kwenye kituo cha afya alinisikia, na aliniacha niubebe mzigo wake, mimi aliyeniita mama yake.

Sasa nimerudi barazani. Nimemshika binti yangu analia, nimekwisha kusema neno langu, na mama ana sabuni mkononi. Trésor ndiye aliyeanza kusema.

"Ilitoka?" aliuliza.

"Hapana," mama akamjibu. "Nimeisukula na nguvu yote. Haitoke."

Akaiweka sabuni kwenye ukingo wa ndoo. Alizungumza akiitazama ile ndoo, si mimi.

"Ile nilibapakaka miye ilikuwa violet ya bidonda. Sabuni kidogo, inakwisha. Nilitaka nione hii ya mutoto kama ni ya kweli."

Trésor hakujua habari za violet. Hakuna aliyewahi kumwambia. Kwake surua ilikuwa ni surua tu, kitu cha Mungu. Nilimwona akigeuza uso upande wa mama, na mikono yake yenye unga ikabaki hewani. Mama pia alimwona. Kisha akanigeukia mimi.

"Siku ile ku centre nilikusikia, Mamu. Haikukuwa sabuni."

Nilitaka kumjibu kwamba najua, nimejua tangu sekondari. Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo tangu nikiwa na viatu vya shule, na yalipokuja hayakunipa furaha niliyoidhani. Yaliniuma. Mama yangu alikuwa amezeeka, mikono yake ilikuwa na mikunjo ya maji, na mwanawe kipofu alikuwa amekaa mbele yake akiwa ndiyo kwanza ameambiwa.

Binti yangu alikwisha kunyamaza. Alinyoosha kidole chake tukione, maana kwake shida yote ilikuwa ni hiyo, kwamba Kaku haamini kidole chake. Mama akaichukua sabuni akaninyooshea.

"Jaribu na weye," akasema.

Niliketi chini kando ya ndoo. Nilikilowesha kile kidole kidogo, nikapaka sabuni, nikasugua. Nilisugua ukucha na chini ya ukucha, nikamwagia maji, nikakitazama kwenye mwanga, nikasugua tena. Mtoto alivumilia.

"Yaya," Trésor akaniita, yaani dada mkubwa, sauti yake ikiwa imekauka. "Imetoka?"

Nikamwambia haijatoka.